Naomba ushauri: jiko la kuni na benchi la tofali kwa banda la kukaushia mbata

Habari zenu wadau. Tunajenga banda la nailoni la kukaushia mbata (nyama ya nazi iliyokauka) hapa Mombasa, upande wa Likoni. Mchana jua linatosha. Taabu ni usiku na masika: nazi hushika ukungu, na baadhi ya ukungu huo huleta sumu ya aflatoksini. Tunataka jiko la kuni na vifuu, moshi upite ndani ya benchi la tofali, tofali zihifadhi joto la usiku, kisha utokee nje kwa dohani.

Hesabu ndiyo inayotusumbua. Kilo 100 za nyama ya nazi mbichi, nusu yake ikiwa maji, zikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 7 hupoteza kama kilo 46 za maji. Kuyageuza mvuke kunahitaji megajuli 110 hivi. Tani 1 ya tofali ikipoa kutoka nyuzi 150 hadi 70 hutoa 67 tu, kabla ya kuhesabu joto linalopotelea kwenye nailoni. Tuongeze tofali, au tuchochee moto tena usiku wa manane?

Chumba cha moto ni tofali za tanuri. Mawe ya matumbawe tumeyaacha. Ni chokaa, yakikaribia nyuzi 900 yanaungua na kumomonyoka.

La pili ni njia ya moshi. Bomba la bati huliwa na kutu kwa hewa hii ya chumvi, likitoboka moshi unaingia kwenye mbata. Aliyetumia bomba la udongo, viungo aliviziba kwa nini visipasuke likipanuka?