Tupeane uzoefu: umewahi kukwama kisa maelekezo ya vesheni ya zamani yamefutwa?

Mleta mada
Wakuu, nilirithi mfumo wa jamaa aliyeshaondoka kazini, ndani kuna laiburari (kodi iliyoandikwa tayari na wengine) ya kutengeneza PDF vesheni ya 2 wakati wenyewe wako ya 5. Naingia kwenye saiti yao, nasoma, naandika vilevile, eror. Narudia, eror. Siku mbili najiona mjinga kumbe fankisheni ninayoisoma enzi hizo haikuwepo, na kurasa za vesheni 2 walishafuta zote, kila linki ya zamani inakurudisha mwanzo wa saiti. Wayback Machine, ile saiti inayotunza nakala za kurasa za zamani, ndo iliniokoa, tena nusu ya kurasa haikuwa nazo. Nyie yashawakuta?

#2
Mkuu mimi maelekezo ya zamani ndo yaliniponza. Naanza kujifunza PHP, lugha ya kutengenezea saiti, nikakariri mysql_connect, fankisheni ya kuunganisha na database, kutoka kwenye somo moja la mtandaoni, kuweka kwenye seva ya PHP 7 naambiwa fankisheni haipo, kumbe waliitoa tangu 2015. Kurasa za zamani ziachwe sawa ila ziwekewe onyo, kama Django (zana ya kutengenezea saiti kwa Python), ukifungua ya vesheni iliyoisha muda unaambiwa juu kabisa kwamba haisapotiwi tena.

#3
PostgreSQL, wale wa database, wamenifurahisha. Juu ya ukurasa wa maelekezo yao kuna namba za vesheni, unabonyeza unahamia ukurasa uleule wa vesheni nyingine. Nilihama 11 kwenda 12 replika (seva ya nakala) ikagoma kuwaka, nikafungua zote mbili pembeni kwa pembeni, 11 inataka faili la mipangilio la recovery.conf, 12 hilo faili likiwepo tu seva haiwaki, mipangilio imehamia postgresql.conf. Wangekuwa wamefuta ya 11 ningejuaje kilichobadilika?

#4
Lugha ya Python 2 sapoti iliisha 1 Januari 2020 na maelekezo ya 2.7 bado yako hewani. Nayatumia hadi leo, msinicheke.

#5
Mimi niko upande wa wanaofuta 😅 ndo naandika hayo maelekezo kazini. Watu walikuwa wanasachi wanaangukia ya zamani halafu wanatujia juu, bosi akasema futa. Baadae mteja akaja, bado anatumia ileile ya zamani na mkataba wake unatubana. Tukarudi kwenye git, inakotunzwa historia ya mafaili, tagi (alama ya vesheni ile) ipo, maandishi yapo, ila programu ya kuyageuza kurasa imeshabadilika haiyataki kabisa, tukahangaika wiki nzima. Siku hizi tukitoa vesheni mpya zile kurasa za HTML za zamani zilizokwisha kutengenezwa tunaziacha zilivyo, ni faili za kawaida zinakaa tu kwenye seva hazidai chochote, na kila ukurasa tunautia kanonikali, yaani linki iliyofichwa ndani ya kodi ya kuonyesha upi ndo mpya ili injini za kusachi zisiwapoteze watu.

Mleta mada
#5 we ndo nilikuwa nakutafuta 😂 Mi sasa nikipewa mfumo wa mtu kitu cha kwanza nashusha maelekezo yote kwa wget (programu ya kupakua kurasa) naweka folda moja na kodi. Ile laiburari bado iko vesheni 2, naogopa kuigusa.