Mtoto asiyeumwa kupewa SP kliniki: Kigoma tukubali?

Mama Pacha, Mwandiga
Wakuu, habari za jioni. Nina pacha wa wiki tisa, kliniki yao ni Jumatano ijayo. Nimesoma kwamba kuna nchi, Kameruni ni mojawapo, mtoto anapewa SP, ile dawa ya malaria wanayopewa wajawazito, siku ya chanjo hata kama haumwi, ili malaria isimpate. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likalegeza masharti, wanaweza kuendelea kupewa hata baada ya mwaka wa kwanza. Sasa swali langu: hii si ndiyo SP tuliyoiacha kutibia 2006 tukahamia dawa mseto (dawa mbili ndani ya kidonge kimoja) kwa sababu vijidudu vimeizoea? Iliyoshindwa kutibu inakingaje? Wakiileta huku kwetu, wanenu mtawapa?

Mzee wa Ujiji
Mwanangu, hizi dawa zote zimeharibiwa na nyie. Sisi tulikuwa na klorokwini. Unawashwa mpaka unajikunia ukutani, lakini kesho yake unalima. Mkaja nyie wa kumeza vidonge viwili, mkipata nafuu vingine mnafunga kwenye khanga vimsubiri jirani. Vijidudu vitaacha kujifunza? Na vyandarua vya bure mlivyopewa mmevigeuza vya kuanikia dagaa pale Katonga, halafu mnauliza habari za SP.

Mvuvi wa Kibirizi
Shikamoo mzee. Nimesoma mpaka hapo kwenye dagaa nikaishia hapo hapo. Kila mtu akitaka kueleza malaria ya Kigoma anaanza na mvuvi. Mimi jua likizama niko ziwani na taa, narudi alfajiri. Wewe unataka nilale ndani ya chandarua kwenye mtumbwi? Nyumbani tuko saba, vyandarua viwili, kimoja panya wamekitoboa. Kikichakaa ndiyo kinakwenda kwenye dagaa, au kukinga kuku. Ulitaka nikizike kwa sanda?

Mzee wa Ujiji
Marahaba. Nimeona kwa macho yangu kipya, bado kina mikunjo ya mfuko.

Mvuvi wa Kibirizi
Ulimwona nani? Mtaje.

Muuguzi Kasulu
Naomba nimjibu mama pacha, maana swali lake ni zuri na linapotea.

Kutibu na kukinga ni mambo mawili. Mtoto akishaugua ana vijidudu mamilioni kwenye damu, dawa iliyochoka haivimalizi. Ukimkinga, dawa inakutana na vichache tu vilivyotoka kwenye mbu, na SP inakaa mwilini wiki kadhaa. Kwa hiyo dawa iliyochoka kutibu inaweza bado kukinga. Inaweza, sisemi ni lazima.

Hapa hapa nchini yamejaribiwa. Ifakara, majibu yalitoka 2001: watoto walipewa SP wakija chanjo ya mwezi wa pili, wa tatu na wa tisa, na kuugua malaria kukapungua kwa asilimia 59. Wakati huo SP ilikuwa bado na nguvu. Korogwe wakarudia, majibu 2009: SP haikuwakinga kabisa. Dawa ile ile, nchi ile ile, tofauti ni vijidudu. Ndiyo maana 2010 Shirika la Afya Duniani lilisema itolewe tu pale ambapo vijidudu vyenye alama kuu ya usugu, yaani badiliko la vinasaba linaloonyesha vimeizoea SP, havijazidi nusu. Na upande wetu huu wa magharibi alama hiyo imejaa. Sharti hilo ndilo lililolegezwa 2022, na hapo ndipo mabishano ya kweli yalipo.

Jambo moja zaidi: mtoto anayetumia septrini, dawa ya kumkinga na maambukizi, kwa sababu mama yake yuko kwenye dawa za VVU asipewe SP. Dawa hizi ni ndugu, na madhara yake yanaweza kuwa makubwa.

Mnyamwezi wa Ipuli
Mwangaluka watani! Nimepita tu. Nilisikia Kigoma ndiyo makao makuu ya malaria Tanzania, asilimia 24 ya watoto wakipimwa wanakutwa nayo. Sasa naelewa: watoto wanalala bila neti ili dagaa walale kwenye neti. Waha bwana.

Kasulu Kwetu
Mtani, hizo ni takwimu za 2017, umechelewa kama treni ya reli ya kati enzi zile. Utafiti wa 2022 Tabora ndiyo mmeshika namba moja, asilimia 23, taifa zima likiwa 8. Sisi tumeshuka, nyie mmepanda kwenye kiti tulichokiacha. Karibuni. Au mbu wenu wanafuata asali?

Mnyamwezi wa Ipuli
Hizo takwimu zilipimwa msimu gani? Tabora tuna mashamba ya mpunga, maji yanatuama, hilo nakubali. Lakini nusu ya wagonjwa wetu wanashuka na treni kutoka kwenu.

Kasulu Kwetu
Nusu! Uliwahesabu stesheni?

Mnyamwezi wa Ipuli
Niliwahesabu kwa ndoo za mawese.

Kakonko Mpakani
Mnacheka, moto uko jirani. Hapo Karagwe mseto umeshashindwa. Kutoka Kagera hadi huku kwetu ni safari ya basi tu. Mseto ukienda, tutabaki na nini? Na bado mnataka watoto wazima walishwe dawa, si ndiyo kuvifundisha vijidudu tangu kliniki? Korogwe nasikia watoto walikufa kwenye majaribio hayo.

Muuguzi Kasulu
Hapana, tusizushe. Korogwe SP haikukinga, basi. Hakuna aliyesema iliua. Na Karagwe mseto haujashindwa. Kilichoonekana ni vijidudu vyenye badiliko linalofanya sehemu ya kwanza ya mseto, ile ya artemisinini, ivisafishe polepole. Badiliko hilo Rwanda walilitangaza 2020. Mgonjwa bado anapona kwa sababu lumefantrini, sehemu ya pili ya mseto, inamalizia kazi. Lakini ukimeza nusu dozi, hiyo ya kumalizia hukuipa nafasi. Dozi ni mara sita kwa siku tatu, na unameza umekula kitu chenye mafuta.

Duka la Dawa Nguruka
Hapo kwenye nusu dozi nilijua tu tutafikiwa. Wauza dawa ndio wachawi siku zote. Mama anakuja saa mbili usiku na mtoto anachemka, ana nauli tu mkononi, anataka "viwili vya kuanzia". Nikimnyima, mtaa mzima unasema nina roho ya kutu. Nikimpa, nimeleta usugu. Kule zahanati ameambiwa dawa zimeisha, arudi Jumatatu. Hilo hamlisemi.

Mzee wa Ujiji
Kwa hiyo unakiri unauza viwili viwili.

Duka la Dawa Nguruka
Mzee, nimesema nini sasa hivi? Nakukopesha dozi nzima ukija, wewe na klorokwini yako ya kujikunia ukutani.

Mzee wa Ujiji
Klorokwini itarudi. Malawi waliiacha 1993, miaka michache baadaye vijidudu vikaisahau, ikaanza kutibu tena. Mjukuu wangu yuko chuo, ndiye aliyenieleza.

Muuguzi Kasulu
Mzee hilo ni kweli, vijidudu vilivyoizoea vilipungua mno. Lakini ukianza tena kuimeza peke yake, vitakumbuka.

Mvuvi wa Kibirizi
Bado nasubiri jina la mwenye chandarua chenye mikunjo.

Mama Pacha, Mwandiga
Jamani. Niliuliza kuhusu SP na watoto. Ukimtoa muuguzi mmoja, nimepata dagaa, asali, mawese na treni. Muuguzi asante, ila nimebaki na moja: kama imezoeleka huku, kwa nini mimi mjamzito nilipewa tena na tena?

Muuguzi Kasulu
Kwa sababu wewe ni mtu mzima, mwili wako umeshapigana na malaria miaka mingi, dawa inasaidiana na kinga yako. Na hata penye usugu, mama akimeza SP mtoto huzaliwa na uzito mzuri zaidi. Mtoto wa wiki tisa hana kinga hiyo ya kuisaidia dawa. Ndiyo maana jibu la mjamzito huwezi kulihamishia kwake moja kwa moja.

Kakonko Mpakani
Si bora chanjo basi? Malawi, Kenya na Ghana walianza 2019.

Mnyamwezi wa Ipuli
Chanjo ikija ianzie Tabora, si tumeambiwa ni namba moja?

Kasulu Kwetu
Umekubali! Hifadhini ujumbe huu kabla hajaufuta.

Msomaji tu
Samahanini, huwa siandiki humu. Dada muuguzi, ile ya septrini naomba urudie. Wangu anapewa ya maji kila siku tangu wiki ya sita. Juzi alichemka, jirani akanipa SP zilizobaki za mjamzito, akasema nimvunjie robo. Sijampa bado.

Muuguzi Kasulu
Usimpe. Septrini endelea nayo. Joto likirudi mpeleke apimwe kidole usiku huo huo, wakuandikie mseto kwa uzito wake. Kesho chukua kadi yake ya kliniki, hata kama hachemki, waonyeshe na hizo SP. Na nitumie ujumbe pembeni, hapa tunasomwa na wengi.