Kupima dunia kwa kivuli, Dar na Nairobi: fimbo mbili zinatosha?

Mdau wa Mbagala: Wakuu, habari zenu. Kuna klipu inazunguka WhatsApp inayodai dunia ni bapa na jua liko kilomita elfu chache tu juu yetu. Picha za setilaiti hawazikubali, kwa hiyo nataka kipimo cha mkono. Nasikia fimbo mbili zinatosha, moja Dar na nyingine Nairobi. Siku gani, vipimo gani, na watu hukosea wapi?

Fundi Timazi: Anza na siku, mkuu. Dar iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, hivyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka: tarehe 3 au 4 Machi, na tarehe 10 Oktoba hivi. Chagua Oktoba, maana Machi mawingu ya masika yanaanza. Adhuhuri ya siku hiyo kitu kilichosimama wima Dar hakina kivuli, wakati Nairobi, iliyo nyuzi 1.3 kusini, jua limeinamia kusini kwa nyuzi 5.5.

Fimbo ya kuchomeka mchangani achana nayo. Ikiinama nyuzi moja tu, karibu sehemu moja ya tano ya kipimo imepotea. Toboa kadibodi tundu la milimita 5, ifunge mita 2 kamili juu ya sakafu iliyokaguliwa kwa pima maji. Shusha timazi kutoka kwenye tundu, uzi na nati vinatosha, uweke alama chini yake. Kuanzia saa 6 kamili, kila dakika 2, weka alama katikati ya doa la mwanga. Alama iliyo karibu zaidi na ya timazi ndiyo adhuhuri yako. Nairobi itakuwa mbali na ya timazi sentimita 19 hivi, ambazo kwa kimo cha mita 2 ndizo zile nyuzi 5.5. Pima katikati ya doa, si ukingoni: jua lina upana wa nusu nyuzi, doa linatawanyika, na kosa la sentimita 1 hapo ni kilomita 2,000 kwenye mzingo wa dunia.

Msipigiane simu mkapime dakika ileile. Siku hiyo adhuhuri ya Dar ni saa 6 na dakika 10, ya Nairobi saa 6 na dakika 20. Umbali nao uwe wa kusini-kaskazini pekee, kilomita 610. Si wa barabara, wala ule wa mstari mnyoofu wa 670. Gawa 360 kwa 5.5, zidisha kwa 610: karibu kilomita 40,000, ndio mzingo wa dunia.

Pembetatu: Vipimo ni sahihi, ila vituo viwili havimalizi ubishi. Mtu wa dunia bapa atachukua namba hizohizo, agawe 610 kwa tanjenti ya nyuzi 5.5 (uwiano wa umbali wa doa kwa kimo cha tundu), apate jua lililo kilomita 6,300 juu. Na hesabu yake haina kosa! Kinachomkwamisha ni kituo cha tatu, kiwe mbali. Cairo siku hiyo jua limeinama nyuzi 36.8, na iko kilomita 4,090 kaskazini mwa Dar. Kwa hesabu ileile ya dunia bapa, jua linashuka hadi kilomita 5,500. Jua moja, siku moja, vimo viwili. Kwa dunia ya mviringo, Cairo inarudisha 40,000 ileile.

Mdau wa Mbagala: Watasema umbali wa Cairo umetoka kwenye ramani zilizochorwa kwa kudhani dunia ni mviringo.

Pembetatu: Swali zuri sana hilo. Upo mnyororo wa pembetatu kubwa zilizopimwa ardhini, moja ikiungana na nyingine, kufuata meridiani ya 30 (mstari wa kaskazini-kusini wa longitudo 30 mashariki), kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ukipita ndani ya Tanganyika upande wa magharibi. Ulikamilika 1954, kabla ya setilaiti yoyote. Na pembetatu zenyewe ni ushahidi: yenye pande za kilomita 60, pembe zake tatu zikijumlishwa huzidi nyuzi 180 kwa sekunde 8 hivi za pembe (nyuzi moja ni sekunde 3,600), kiasi ambacho teodolaiti nzuri, darubini ya kupimia pembe, inakiona. Juu ya ubao bapa ziada hiyo haiwezi kutokea.

Fundi Timazi: Kwa Cairo shusheni kadibodi iwe mita 1. Kwa mita 2 doa litaangukia mita moja na nusu kutoka kwenye timazi, likiwa limerefuka kama yai, na kitovu chake ni kigumu kukipata.