Ofisa wa kinga ya kemikali na nyuklia au mhandisi wa medani: kipi kinamfaa mdogo wangu?

Dada_Ohio: Wakuu, mdogo wangu anamaliza digrii ya kemia hapa Marekani. Ni raia, yupo ROTC (mafunzo ya uofisa wa jeshi chuoni), na sasa anatakiwa kupanga matawi ya jeshi anayoyataka. Yeye moyo wake uko kwenye Kemikali (namba ya fani 74A), mimi namwona kwenye Uhandisi. Mnaojua, nisaidieni.

Sajini_Mstaafu: Dada, shule za matawi yote mawili ziko Fort Leonard Wood, Missouri. Tofauti ataiona akipangiwa kikosi. Luteni wa uhandisi kwa kawaida hupewa platuni: askari, mitambo, vilipuzi. Wa kemikali mara nyingi hupelekwa makao ya batalioni ya mizinga au ya askari wa miguu, na hapo hana mwenzake wa fani yake. Anakagua barakoa, anaandika ripoti za utayari, anaomba muda wa mazoezi. Kamanda asipojali hatari ya gesi, huyo kijana atabebeshwa kazi za ofisini ambazo hazina mwenyewe. Kama ndoto yake ni kuongoza askari tangu siku ya kwanza, uhandisi.

Mkemia254: Mkuu, nakubali, ila huo upweke unakomaza. Luteni usu ndiye anayemwambia kamanda upepo unaelekea wapi na sarini, ile sumu ya neva, itamfikia nani. Akishauri wavae kinga yote, suti, buti, barakoa na glavu, anajua joto litawamaliza nguvu mapema. Akichelewa, watu wanakufa. Mwenye kemia kichwani anaujua uzito wa ushauri huo. Na pale shuleni wanafanya zoezi kwenye jengo lenye sumu halisi ya neva, wakiwa ndani ya suti zao. Anayetoka pale anaiamini barakoa yake.

Binti_wa_Tanga: Lakini kazi bado ipo? Marekani si ilimaliza kuteketeza akiba yake ya silaha za kemikali mwaka 2023?

Mkemia254: Ya kwao imeisha, hatari haijaisha. Sarini ilitumika kwenye treni za Tokyo mwaka 1995, na Ghouta, Syria, mwaka 2013. Kwenye ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, mwaka 2011 hapakuwa hata na adui, ila mionzi ilikuwepo.

Kaka_Minnesota: Msisahau National Guard, jeshi la akiba la majimbo. Kila jimbo lina angalau timu moja ya watu 22, wa kudumu, inayosaidia mamlaka za kiraia kukitokea kemikali au mionzi. Kwa anayependa vipimo na maabara kuliko gwaride, mimi naona hiyo inazishinda zote mbili.

Dada_Ohio: Asanteni sana. Nimemsomea yote, naye anauliza: akianzia uhandisi, mlango wa nyuklia umefungwa?

Sajini_Mstaafu: Haujafungwa. Kuna fani ya 52, ya maofisa wa nyuklia, na huchukua watu kutoka matawi mbalimbali wakishapata uzoefu. Mwambie tu asiiache fizikia. Na ajue kwamba yeye anapendekeza, jeshi ndilo linaloamua.