Nimerudi kutoka matenity nakuta kiti changu kina mtu, sasa wataka nisaini kontrakti mpya

MamaZuu_Likoni

Asalam aleikum na habari zenu nyote. Niko humu siku nyingi nasoma tu na kupita, leo imenifika hapa shingoni ikabidi niandike. Itakuwa ndefu na mtoto niko naye mapajani, makosa mtayavumilia.

Mie nafanya kazi risepsheni hoteli moja ya beach upande wa Bamburi, jina silitaji, mwaka wa sita huu. Nimejifungua mwezi wa kwanza mwishoni, miezi mitatu yangu nimeichukua kwa barua kabisa, HR alisaini na kopi ninayo. Arubaini ikapita, mamangu amenikanda, uji wa pilipili manga nimekunywa mpaka nikauchukia, mwezi wa nne ukaisha nikavaa yunifomu (haifungi kiunoni lakini hayo si ya leo) nikarudi kazini. Nafika kaunta namkuta msichana amekaa kwenye kiti changu, beji kifuani, na kompyuta aiingia kwa paswadi yangu ya zamani wallahi. Nikadhani ni wa kunishikia tu. Menija akaniita ofisini, akanipongeza, akauliza mtoto aitwaje, tukacheka, halafu ndo akatoa karatasi.

Karatasi yasema nahamishwa londri, shifti ya usiku, "kwa hiari yangu mwenyewe", na nianze kontrakti mpya ya miezi mitatu na hiyo miezi mitatu yote ni probesheni, yaani ya majaribio. Probesheni mie! Supavaiza wa sasa mie ndiye niliyemfundisha kushika simu. Mshahara wapungua kama elfu tatu hivi, lakini kwenye savis chaji (ile pesa ya huduma walipayo wageni, twagawiwa kwa pointi) pointi zangu wamezikata nusu, na watu wa hoteli mwajua savis chaji ya Disemba ndo ada ya Januari. Nikauliza siku zangu 21 za likizo ya mwaka, HR akaniambia eti "si ulikuwa nyumbani miezi mitatu umepumzika". Nimepumzika! Aliyezaa humu anisaidie kucheka.

Sababu wanayotoa ni low season. Ni kweli mwezi wa tano huku ni mvua, viti vya beach vimepinduliwa, hata wauza vinyago hawaonekani. Lakini kama wageni hakuna, yule aliyekaa pale kaunta amhudumia nani?

Na huo usiku ndo usioniingia akilini. Natoka Likoni, nivuke feri, nipande matatu ya Bamburi, nifike saa tatu usiku nitoke asubuhi, na mtoto chupa hataki hata kuiona. Wiki hii wameniacha mchana "niifikirie", maziwa nakamulia choo cha wafanyakazi huku watu wagonga mlango. Wamenipa mpaka Ijumaa. Mume wangu asema niache kazi nikae nyumbani, mamangu asema nisaini nishukuru Mungu kwa kuwa na kazi. Nikikataa watanifukuza? Kuna ambaye yashamtokea?

Bint_Kibokoni

USISAINI. Kwanza usisaini, mengine tutaongea baadaye. Dadangu alisaini hivo hivo karatasi ya "hiari" dukani kwa tajiri mmoja mjini, miezi mitatu ilipoisha akaambiwa kontrakti imekwisha na asante sana. Hakufukuzwa eti, "iliisha". Na huyo mumeo mwambie asubiri kidogo, kuacha kazi ni kuwafanyia kazi yao bure.

Mzee_wa_Mtongwe

Binti yangu mimi nitakwenda kinyume na wenzangu. Kazi Mombasa hii ni ngumu, vijana wana digrii wanaendesha tuktuk. Mtaka cha mvunguni huinama. Saini, fanya londri miezi mitatu, mwezi wa saba wageni wakirudi umuombe menija kwa upole. Ukianza mambo ya mawakili hata hoteli nyingine zitasikia, mameneja hawa wote wanajuana.

Bint_Kibokoni

Mzee wangu shikamoo, lakini huko mvunguni wameshafagia, ainamie nini?

stiwadi_mstaafu

MamaZuu mwanangu soma polepole. Nimefanya hoteli za pwani hii miaka mingi, kumi na moja kati ya hiyo nikiwa shopu stiwadi, yaani mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kazini, na karatasi kama hiyo nimeiona zaidi ya mara moja.

Chukua Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29. Miezi mitatu kwa mshahara kamili kila mtu aijua. Wasichokijua wengi ni maneno yanayofuata pale pale, kwamba mama akimaliza likizo ana haki ya kurudi kwenye kazi ile ile aliyoiacha, au kazi nyingine inayomfaa ambayo masharti yake si mabaya kuliko ya mwanzo. Sasa wewe pima, kutoka risepsheni mchana kwenda londri usiku, elfu tatu chini, pointi nusu, probesheni juu yake. Hapo hata mtoto wa darasa la tano ataona. Na siku 21 zako ziko kifungu hicho hicho, likizo ya mwaka haipotei kwa kuwa umechukua ya uzazi. Huyo HR ama hajasoma ama amesoma na akaona wewe hujasoma.

Sasa kuhusu hiyo kontrakti mpya, hapa ndipo penye sumu na naona wenzangu wamepita tu. Wanasema low season. Sawa, hoteli ikizidiwa inaruhusiwa kupunguza watu lakini ina njia yake inaitwa redandansi, na njia hiyo ni ya gharama. Notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa afisa wa leba (afisa wa kazi wa serikali) na kwako, au kwa chama kama uko chamani, wachague wa kuondoka kwa haki na muda wa utumishi uangaliwe, halafu wakulipe siku zisizopungua 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimiza. Umesema mwaka wa sita huu, kwa hiyo mitano imetimia, 15 mara tano ni siku 75. Ukisaini kontrakti mpya watakuja kusema umeanza kazi juzi, 15 mara sifuri ni sifuri. Ndiyo maana wanataka sahihi yako na wanaitaka kabla ya Ijumaa.

Kufukuzwa waweza kufukuzwa, sitakudanganya, mlango wa hoteli ni wao. Lakini kifungu cha 46 chasema ujauzito, au jambo lolote linalohusiana nao, si sababu halali ya kumfukuza mtu, na kulalamika kwa jambo la kweli vilevile si sababu. Wakifanya hivyo una miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na kortini una miaka mitatu, korti ya leba iko hapa hapa Mombasa. Jaji akiona umeonewa anaweza kuamuru ulipwe mpaka mishahara ya miezi 12. Anaweza, sijasema lazima, wengine wamepewa miwili.

Ukiacha kazi kwa hasira kama asemavyo bwana, mzigo wote wakuhamia wewe, itabidi uthibitishe kwamba ulisukumwa.

Swali langu, kwenye pesilipi unakatwa ya chama? Kama unakatwa KUDHEIHA (chama cha wafanyakazi wa hoteli) basi kesho asubuhi mtafute shopu stiwadi wenu kabla hujamtafuta mwengine yeyote, na uulize CBA (mkataba wa chama na mwajiri) inasemaje juu ya savis chaji. Kama hukatwi, nenda ofisi ya leba mwenyewe na kitambulisho, kontrakti ya zamani, ile barua ya likizo na pesilipi za kabla ya kujifungua. FIDA (chama cha mawakili wanawake) na Kituo cha Sheria pia wana ofisi mjini hapa na wanawasaidia wasio na pesa ya wakili.

MamaZuu_Likoni

Wallahi mzee nimesoma mara tatu. Chama nakatwa tangu mwaka wa kwanza na sijawahi hata kujua stiwadi wetu ni nani, nimeuliza leo kumbe ni yule baba wa jikoni wa chapati.

kaunta_ya_pili

Mimi niko upande mwengine wa meza, nimekuwa HR wa hoteli, na kuna wakati niliwahi kuiandika karatasi kama hiyo kwa mkono wangu. Sijivunii.

Nikwambie inavyokwenda. Mtu wa juu ana mtoto wa ndugu yake ataka kazi, nafasi imeonekana kwa sababu mama fulani yuko likizo, mtoto akawekwa "kwa muda", miezi mitatu imekwisha na hakuna mwenye ujasiri wa kumtoa. Kumfukuza mama ni kesi, kila HR ajua. Basi anapewa usiku. Usiku ndio dawa, mama mwenye mtoto mchanga hafiki wiki ya tatu, analeta barua ya kuacha kazi mwenyewe na faili linafungwa safi. Kwa hiyo hiyo shifti haikuja kwa bahati mbaya, usijilaumu kwamba ni wewe huna nguvu.

Cha kufanya ni barua fupi. Usieleze uchungu, usitaje yule msichana, usitishie mahakama. Andika hivi: "Nimepokea pendekezo lenu la tarehe fulani. Sikubaliani nalo. Niko tayari kuendelea na kazi yangu ya risepsheni kwa masharti niliyokuwa nayo kabla ya likizo ya uzazi. Naomba pia mnithibitishie siku zangu za likizo ya mwaka." Basi. Toa kopi mbili, moja wakugongee muhuri na tarehe, wakikataa kuipokea itume kwa imeili saa hiyo hiyo. Halafu kazini fika kila siku kwa wakati na rejista usaini, hata wakikukalisha bure kwenye benchi kaa. Siku moja tu ukikosa watasema umetoroka kazi na hapo utawapa sababu wasiyokuwa nayo.

Na meseji za wasapu za menija usifute, piga skrinshoti umtumie mtu mwengine, simu huanguka kwenye feri.

Kadzo_nesi

Mimi ya sheria nawaachia wazee, niko na hili la choo. Mamii, usikamulie chooni tena. Sheria ya Afya ya 2017 yasema mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, na imeandikwa wazi kwamba kisiwe choo, na upewe muda wa kukamua mbali na ule wa chakula, mpaka saa moja kwa kila saa nane za kazi, na muda huo wahesabiwa kazi. Hoteli yenye vyumba vyote hivyo haikosi kimoja mwezi wa tano jamani!

Kwa sasa nunua kolabokisi ndogo na barafu, kwa joto letu hili maziwa usiyaache nje, yakifika nyumbani weka friji ndani kabisa si mlangoni, siku nne yakaa. Na mtoto anayekataa chupa hebu mamako ajaribu kumpa kwa kikombe kidogo au kijiko, wengi hukataa chupa wakakubali kikombe. Akimpa wewe uwe umetoka, akisikia harufu yako atakusubiri wewe.

Mzee_wa_Mtongwe

Nimesoma haya yote. Hiyo hesabu ya 75 na sifuri sikuwa naijua. Basi asisaini, lakini maneno yawe ya upole.

MamaZuu_Likoni

Nimerudi kuwapa habari, siku kumi zimepita.

Barua niliipeleka Alhamisi, maneno yale yale ya kaunta_ya_pili sikuongeza hata nukta, ingawa mkono ulikuwa wanitetemeka. Sekretari akagonga muhuri bila hata kusoma. Ijumaa ikapita kimya, hakuna aliyenisalimu. Jumatatu wakaniweka benchi la nyuma pale wanapokaa madereva, nikakaa masaa manane mazima nahesabu mabasi ya watalii, yalikuja mawili. Jumanne baba wa chapati akaingia kwa menija na aproni yake na CBA mkononi, walikaa kama dakika ishirini, sijui walisema nini, alipotoka aliniambia tu "mama nenda kaunta".

Sasa niko risepsheni, mchana, mpaka mtoto atimize miezi sita halafu "tutaongea". Ile karatasi wameichukua na hawajaitaja tena (kopi ninayo, nilipiga picha). Siku 21 HR asema "anaangalia faili". Chumba nimepewa stoo ya mashuka, ina ufunguo na plagi, friji hakuna lakini kolabokisi yatosha. Kikombe mtoto amekikubali kwa mamangu siku ya pili, mie anipa mgongo sasa.

Yule msichana hawakumtoa, tuko wawili kaunta. Sina ugomvi naye, jana alinishikia simu nikaenda kukamua. Savis chaji ndo sijajua, pesilipi yatoka mwisho wa mwezi.

stiwadi_mstaafu

Hongera. Hizo siku 21 ziulize kwa barua nyengine, usingoje faili. Na pesilipi ikitoka angalia pointi, usiangalie pesa. Pesa ya mwezi wa tano itakuwa ndogo kwa kila mtu.