Vijana wangu wa mauzo wamekata tamaa, mkurugenzi anataka niwaletee mhamasishaji. Naombeni ushauri

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa mauzo kwenye kampuni ya kusambaza maji na juisi hapa Dar. Chini yangu kuna madereva, wauzaji wanaozunguka madukani kuanzia Temeke, Mbagala mpaka Kongowe, na dada wawili wa stoo. Zamani ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi magari yameshapakiwa. Siku hizi mtu anafika, anakaa juu ya kreti na simu yake mpaka aitwe kwa jina. Wawili wameacha bila kuaga. Mmoja nilimpigia, akaniambia, "Kaka, nipo kwenye bodaboda, huku angalau hela naiona jioni."

Mkurugenzi ameleta mashine ya alama za vidole, faini ya shilingi 5,000 kwa kila anayechelewa, inakatwa kwenye mshahara, na picha ya mfanyakazi bora wa mwezi ukutani. Hali imezidi kuwa mbaya. Sasa anataka Jumamosi aje mhamasishaji azungumze nao. Naona kabisa tutawakera zaidi, ila sina hoja za kumpelekea. Hawa vijana nawajali, wengi nimewafundisha kazi mwenyewe. Waliowahi kusimamia watu, nisaidieni.

Mzee wa Ghala
Kabla ya ushauri, jibu mawili. Mshahara unatoka tarehe ngapi? Na kamisheni mnaihesabuje?

Mleta uzi
Mkataba unasema tarehe 28. Kwa sasa unatoka kati ya tarehe 7 na 12 ya mwezi unaofuata. Kamisheni inategemea tageti. Mwezi uliopita gari moja lilipewa katoni 900. Tarehe 22 walikuwa wameshafika 860, ikaingia meseji kwenye grupu kwamba tageti sasa ni 1,100. Tangu siku ile gari lile linarudi saa tisa likiwa bado na nusu ya mzigo.

Mzee wa Ghala
Hapo ndipo penye ugonjwa, mdogo wangu. Wale vijana si wavivu. Wamepiga hesabu. Wamegundua kwamba wakikaza, tageti inapanda, na wakilegea, mshahara ni uleule na bado unachelewa. Ungekuwa wewe ungekaza? Mwenye nyumba Mbagala hasubiri tarehe 12. Kijana anakopa kwa riba kulipa kodi, mshahara unakuja umeshaliwa, halafu anakutana na faini. Hakuna maneno ya mhamasishaji yatakayoingia kichwani mwa mtu mwenye hesabu hiyo.

Mwambie mkurugenzi tageti ikishatangazwa tarehe 1 isiguswe mpaka mwezi uishe. Kama iliwekwa ndogo, apandishe mwezi ujao na awaeleze kwa nini. Hela ya mhamasishaji aiongeze kwenye kamisheni ya lile gari.

Mwajiri Mdogo
Nawaheshimu wote, lakini mimi nimeajiri na naujua upande wa pili. Gari likichelewa, mwenye duka ananunua kwa mwingine, na huyo mteja harudi. Usimwambie mkurugenzi aache watu waje wanavyotaka.

Afisa Utumishi, Mwanza
Kaka Mwajiri, nidhamu lazima iwepo, ila ina njia yake: onyo la mdomo, kisha la maandishi, na mtu asikilizwe. Faini ya kukata tu mshahara ni jambo lingine. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaruhusu makato yaliyowekwa kisheria, au yale ambayo mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kwa ajili ya deni. Hata akisababisha hasara, unatakiwa umpe kwa maandishi chanzo na hesabu yake, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Mleta uzi, kuna kitu mkurugenzi hajakiona. Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Vijana wanaingia saa kumi na mbili na nusu. Wakirudi saa kumi na moja jioni, hata ukitoa saa nzima ya chakula, wamevuka. Mashine ya vidole inayowahesabia dakika za kuchelewa inahesabu na saa za ziada. Wakienda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ushahidi mmewatengenezea nyinyi.

Hoja ya pili. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alichapisha utafiti wa wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Aliona kwamba yanayomkera mtu kazini, kama malipo na sera za kampuni, ni tofauti na yanayompa ari, kama kuaminiwa, kutambuliwa na kazi yenye maana. Ukiondoa kero unapata mtu aliyetulia. Ari inatafutwa baada ya hapo. Kampuni yenu imeanzia mwisho.

Binti wa Kaunta
Mimi ni mfanyakazi, niseme la kwetu. Hiyo picha ya ukutani, kazini kwangu kwa kwanza hakuna aliyejua mwenzetu alichaguliwa kwa lipi, tukaanza kumkwepa na yeye akaumia. Kilichonifanya nibaki ni msimamizi aliyekuwa anauliza, "Leo njiani umekutana na nini?" na kesho yake unaona amelishughulikia. Waulize vijana wako njia ipi ya gari inafaa asubuhi. Wao ndio wanaoijua foleni ya Mbagala.

Mleta uzi
Asanteni sana, mmenifungua macho. Jumatatu nampelekea karatasi moja: tageti isiguswe, mshahara tarehe 28, maonyo badala ya faini, na njia za magari tupange na vijana. Afisa, faini zilizokwishakatwa tufanyeje?

Afisa Utumishi, Mwanza
Zirudishwe zote kwenye mshahara ujao, kila mtu aione hela yake kwenye hati ya mshahara kwa mstari wake peke yake. Mkurugenzi akisita, mwombe akuoneshe walikosaini kukubali kukatwa.