Mjadala: Kashfa ikihama chama, kwa nini magazeti nayo yahame?

Wakuu, naleta hoja iliyonikaa rohoni tangu 2015, kuhusu magazeti yetu na kashfa ya umeme ya Richmond. Naomba tuijadili bila kuulizana kadi za vyama.

Niliuza magazeti Temeke kwa miaka mingi, meza yangu ikiwa jirani na kituo cha daladala. Muuza magazeti hulijua jambo moja kabla ya mhariri. Saa kumi na mbili asubuhi watu husimama mbele ya meza, mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari bure, na kabla ya kutoa hela huuliza: "Leo wamemchapa nani?" Hawaulizi kumetokea nini. Akichapwa wa upande wa pili, gazeti linaisha mapema. Akichapwa wa kwao, basi wanasema gazeti limehongwa, na wanalirudisha mezani kwa hasira kana kwamba nimeliandika mimi.

Kwa wadogo zetu waliokuwa bado shule ya msingi, Richmond ilikuwa hivi. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, umeme ukawa wa mgawo, serikali ikatafuta mitambo ya dharura ya megawati 100. Mkataba ukaenda kwa Richmond, kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Marekani. Mitambo haikuja kwa wakati. Mwishoni mwa mwaka mkataba ukahamishiwa Dowans, na ikaja kuelezwa bungeni kwamba TANESCO, shirika la umeme, inalipa shilingi milioni 152 kwa siku, umeme uzalishwe usizalishwe. Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa ikasomwa Februari 2008, na tarehe 7 Edward Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakaondoka pamoja naye.

Hapa kuna kitu ambacho hata watu wazima wamekisahau. Kamati ile ilikuwa na wabunge watano, na wanne kati yao walikuwa wa CCM. Wa upinzani alikuwa mmoja tu, Habib Mnyaa wa CUF. Yaani wabunge wa chama tawala waliisoma taarifa iliyomwondoa waziri mkuu wa chama chao, na nchi nzima ikaona kwenye televisheni. Lakini mpaka leo ukitaja Richmond, mmoja anasema ni ufisadi wa CCM na mwenzake anasema ni majungu ya wapinzani. Wote wawili wanaongelea jambo ambalo halikutokea hivyo.

Sasa nirudi mezani kwangu. Jirani yangu alikuwa kinyozi. Septemba 15, 2007 Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA wakati huo, alisimama Mwembeyanga, mwendo mfupi tu kutoka tulipokuwa, akasoma majina kumi na moja ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, Lowassa na Rais Kikwete wakiwemo. Kinyozi alikata ukurasa wa gazeti wenye orodha ile, akaubandika ukutani juu ya kioo. Ulikaa pale karibu miaka minane, ukageuka rangi ya chai. Agosti 2015 niliingia kunyoa nikakuta umebanduliwa. Alama za gundi zilionekana pembeni ya picha mpya, na picha yenyewe ilikuwa ya Lowassa, mgombea urais wa CHADEMA na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Nilimuuliza kuna nini. Akasema, "Kaka, tunataka mabadiliko kwanza, mengine baadaye."

Wiki hiyo hiyo akanijia mteja wangu wa siku nyingi, kada wa CCM, wa shati la kijani. Kwa miaka saba mzee huyu alikuwa ananiambia Richmond ni fitina, kwamba Lowassa alionewa, hata kuhojiwa na kamati hakuhojiwa. Siku hiyo alitaka nimtafutie magazeti ya Februari 2008, kwa bei yoyote. Alikuwa anakwenda kwenye mkutano wa kampeni na alitaka kuyainua juu watu wayaone.

Sikuwacheka. Kinyozi alikuwa amechoka kuona chama kimoja kikitawala tangu uhuru, na mzee alikipenda chama alichokitumikia toka ujanani. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa kinyozi. Niliimba "Mabadiliko Lowassa, Lowassa mabadiliko" mpaka sauti ikanikauka, na wakati naimba nilijua kabisa kwamba swali la mkataba halijajibiwa. Ndiyo maana nasema hoja hii imenikaa rohoni.

Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuwa na chama. Lakini gazeti lililoniambia 2008 kwamba huyu ameipa nchi hasara, na 2015 likaniambia huyu ndiye mkombozi, linanidai maelezo au mimi ndiye ninayelidai? Na lile lililomlinda mpaka Julai 2015, alipokuwa bado mbunge wa Monduli kwa CCM na mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya mambo ya nje, kisha Agosti likagundua ghafla kuwa ni fisadi, lilikuwa wapi miaka saba yote? Ushahidi mpya haukuwepo. Taarifa ya Mwakyembe ilikuwa ile ile, kurasa zile zile. Kilichobadilika ni rangi ya shati. Nilikuwa nayapanga magazeti haya kwa mikono yangu kila asubuhi, na niliona vichwa vya habari vikibadilishana upande kama wachezaji baada ya mapumziko.

Lowassa mwenyewe, Julai 28, 2015, siku aliyopokelewa CHADEMA, alisema alitaka mkataba ule uvunjwe lakini maelekezo yalitoka juu, na mwenye ushahidi aende mahakamani. Sentensi nzito hiyo. Juu wapi? Nani? Kwa barua ipi, tarehe ipi? Mwandishi mwenye kazi yake alipaswa kuikamata kauli ile na asiiachie, maana ama ilikuwa kweli na kuna mwingine wa kuulizwa, ama haikuwa kweli na mgombea urais amesema uongo hadharani. Magazeti yaliyompenda yaliichukua kama utetezi uliokamilika. Yaliyomchukia yaliichukua kama kituko. Swali lenyewe likaachwa barabarani. Mpaka anafariki Februari 2024, akiwa amesharudi CCM tangu Machi 2019, hakuwahi kupandishwa kizimbani kwa Richmond. Siwezi kusema alikuwa na hatia, wala siwezi kusema alionewa. Hilo linaniuma, kwa sababu kazi ya kuniwezesha kusema ilikuwa na watu waliokuwa wakilipwa kuifanya.

Najua mtanijibu nini, kwa hiyo niyaguse machache.

Wapo watakaosema kila gazeti lina mwenyewe. Ni kweli, na wala sina ugomvi na Uhuru. Ni gazeti la CCM, ukilinunua unajua unasoma nyumba ya nani. Taabu yangu ni hili linalojiita huru huku mwenye mali akiwa mchezaji uwanjani. Mnakumbuka Aprili 2009? Reginald Mengi, mwenye kampuni ya habari ya IPP, aliwataja hadharani watu watano akawaita mafisadi papa, Rostam Aziz, mfanyabiashara na mbunge wa CCM, akiwa mmoja wao. Rostam akakanusha, akajibu kwamba Mengi ndiye fisadi nyangumi. Gazeti la Nipashe ni la IPP, na Mtanzania na Rai yalikuwa ya New Habari, kampuni iliyohusishwa na Rostam. Mezani kwangu yalilala bega kwa bega. Wateja waliokuwa na hela walinunua yote, wakayasoma, wakarudi wakiwa hawajui zaidi ya walivyojua jana yake, ila sasa wanajua nani anamchukia nani. Papa na nyangumi vikawa maneno ya kijiweni, na ni wachache waliouliza nyaraka za tuhuma zenyewe ziko wapi.

Wapo pia watakaosema, na hawa nawasikiliza kwa heshima, kwamba waandishi wetu hawakuwa huru kuchagua. Januari 2008, wiki chache kabla taarifa ya Richmond haijasomwa, Saed Kubenea wa gazeti la MwanaHalisi alivamiwa ofisini akamwagiwa kemikali usoni, na mwenzake Ndimara Tegambwage akajeruhiwa. MwanaHalisi likafungiwa Julai 2012 kwa muda usiojulikana, mpaka mahakama ilipolifungulia 2015. Mawio likafutwa Januari 2016. Tanzania Daima likanyang'anywa leseni Juni 2020. Niliwahi kuwaambia wateja "leo halipo" mara nyingi, na kila mara kuna mtu aliyepoteza mkate wake nyuma ya neno hilo. Asiyeiona hofu ile hakuishi nchi hii.

Lakini tuwe wakweli jamani. Hofu ya serikali inaeleza kwa nini gazeti linakaa kimya juu ya serikali. Haielezi kwa nini magazeti yaliyoupenda upinzani yalinyamaza juu ya mgombea wa upinzani. Pale hapakuwa na waziri wa kufungia mtu. Palikuwa na mapenzi, na wasomaji kama mimi ambao tungelirudisha gazeti mezani. Kubenea mwenyewe, aliyemwagiwa kemikali, Oktoba 2015 alichaguliwa kuwa mbunge wa Ubungo kupitia CHADEMA. Ni haki yake kabisa, na ujasiri wake siutilii shaka. Nauliza tu: msomaji aliyemwamini kwa sababu ya Richmond angemwendea nani tena kuuliza habari za Richmond?

Dk. Slaa alipojitokeza Septemba 1, 2015 kusema anaachana na siasa kwa sababu hakuafiki ujio wa Lowassa, sisi wa upande wa kinyozi tulisema amenunuliwa. Mtu aliyesoma orodha Mwembeyanga tukimshangilia, siku moja tu tukamgeuza kibaraka. Hatukujibu hata hoja yake moja. Tuliuliza amelipwa shilingi ngapi.

Kuna neno kuhusu televisheni, na hapa nakaa kidogo. Februari 2008 mjadala wa Richmond ulirushwa moja kwa moja. Kwenye saluni ya kinyozi watu walijaa mpaka nje, na kesho yake walipokuja mezani hawakuwa wateja wa kawaida. Walikuwa wanalikosoa gazeti. "Hapa wamemkata, alisema hivi na hivi." "Mbona jibu la yule hawakuliweka?" Sijawahi kuona wasomaji wenye nguvu kama wale, kwa sababu walikuwa wameona wenyewe, na mwandishi alijua wameona. Januari 2016 Nape Nnauye, waziri wa habari, akatangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena Bunge moja kwa moja kutwa nzima, gharama ikitajwa kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Tangu hapo wengi wetu tunaliona Bunge kwa vipande vya dakika moja kwenye simu, na kila kipande kimekatwa na mtu mwenye timu yake. Kama kuna kitu kimoja ningedai kirudi kabla ya kuwafundisha waandishi maadili, ni hicho.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Wakati tunagombana fisadi ni wa nani, mitambo ilikuwa wapi? Ilikuwa Ubungo, imetulia. Novemba 2010 Dowans ilishinda TANESCO kwenye usuluhishi wa kimataifa, tukatajiwa deni la shilingi bilioni 94. Mwaka 2011 mitambo ile ikauzwa kwa Symbion, kampuni ya Marekani. Kisha kukaja kampeni za 2015, miezi miwili ya Richmond asubuhi, Richmond mchana, Richmond usiku, kijani wakiwarushia wenzao na wenzao wakirudisha. Uchaguzi ukaisha Oktoba. Desemba 2015 ukasainiwa mkataba mpya, wa miaka 15, kwa mitambo ya pale pale Ubungo. Ukaja kusitishwa, Symbion wakadai, na kwenye ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, iliyotoka 2023 tukasoma kwamba walilipwa dola milioni 153, zaidi ya shilingi bilioni 300 za Watanzania wa kijani na wa kombati za CHADEMA.

Mara ngapi mliiona habari hiyo ikiunganishwa, kutoka Richmond hadi Dowans hadi Symbion, kwenye ukurasa mmoja? Mimi niliyekuwa nakaa na magazeti yote kuanzia alfajiri sikumbuki. Niliuza majina ya watu kwa maelfu. Mkataba sikuwahi kuuuza, maana mkataba hauna chama, na kisicho na chama hakisimamishi mtu mbele ya meza.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila mtakayechangia, hasa ninyi mnaohifadhi magazeti ya zamani majumbani, na ninyi wa vyumba vya habari mlio humu. Fungueni ya Desemba 2015, wiki ule mkataba uliposainiwa. Mtuambie gazeti lenu liliupa ukurasa wa ngapi, mistari mingapi, na siku hiyo ukurasa wa mbele alikuwa amechapwa nani.